Tiketi ya trafiki haionekani, haifutiki au si yako: uanzie wapi ukiwa wilayani

Mimi ni katibu wa steji, yaani kituo cha magari ya abiria, hapa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kazi niliyochaguliwa ni kukusanya ada ya chama na kupanga zamu za magari ya Arua na Yumbe, lakini nusu ya siku yangu huishia kwenye tiketi za watu. Dereva anafika, anatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nane, imelowa jasho, anasema, "Katibu, hebu nitazamie hii." Mara nyingi ameshakwenda Arua na kurudi. Nauli imeliwa, siku ya kazi imepotea, na jibu alilopewa huko ni "rudi ulikoandikiwa."

Shida ni kwamba tiketi moja huishi mahali pengi kwa wakati mmoja. Iko kwenye karatasi yako. Iko kwenye kitabu au kifaa cha afande aliyekuandikia. Iko kwenye mfumo wa polisi wa faini za papo kwa papo, ule ambao kila mtu anauita EPS. Ukilipa, pesa inaingia kwa URA, mamlaka ya mapato, na huko inajulikana kwa namba yake nyingine, PRN, yaani namba ya malipo. Ukilikana kosa, inageuka jalada la mahakama. Vitabu hivi havisalimiani kila dakika, hasa huku kwetu ambako mvua moja ya mchana inatosha kuuzima mtandao hadi jioni. Kwa hiyo mtu akiniletea tatizo simuulizi kwanza ana kosa gani. Namuuliza: kitabu kipi kinasema hivyo, na kipi kinasema vingine?

Kabla hujauliza popote, weka vitu hivi mezani: tiketi yenyewe (au picha yake), leseni yako, kadi ya gari au pikipiki, kitambulisho chenye NIN (namba ya utambulisho wa taifa), na ujumbe wowote wa malipo uliobaki kwenye simu. Usije na namba ya gari uliyoikariri kichwani. Nimeona mtu mwenye gari kwa miaka sita akikosea herufi ya mwisho.

Unaitafuta, haionekani popote

Kabla ya kuulaumu mfumo, itazame karatasi. Si kila karatasi anayokupa askari mwenye mavazi meupe ni tiketi ya EPS. Ukiona herufi SD zikifuatwa na namba na tarehe, hiyo ni rejea ya kitabu cha matukio cha kituo. Maana yake jambo lako limeandikwa tu kwamba limeripotiwa. TAR ni rejesta ya ajali za barabarani. CRB ni rejesta ya kesi za jinai. Yaliyoandikwa chini ya TAR au CRB hutayakuta kwenye EPS hata ukitafuta mwaka mzima, kwa sababu hayo yana mpelelezi na jalada, na njia yake ni ya mahakamani. Karatasi ya bondi ya polisi nayo ni ya kukuachia uende nyumbani na kurudi siku uliyopangiwa, na bondi hailipiwi; kama ulitoa pesa kwa ajili ya bondi, hiyo pesa usiitafute kwenye mfumo wowote. Halafu kuna vikaratasi vya maegesho vya manispaa. Hivyo ni mapato ya mji, polisi hawavijui.

Tiketi ya kweli ina namba yake yenyewe, namba ya gari, namba ya leseni, kosa, mahali, tarehe, kiasi cha faini na utambulisho wa askari. Kama karatasi yako haina namba ya tiketi, simama hapo. Rudi kituoni ukaulize umepewa nini.

Kosa moja linachanganya sana kwenye hili: DMC, yaani gari lenye hitilafu ya hatari kimitambo. Tairi kipara, taa iliyokufa, breki ya kubahatisha. Dereva anaweza kutoka hapo na karatasi mbili, moja ya faini na nyingine ya kumpeleka kwa mkaguzi wa magari. Anashika ile ya mkaguzi, anaitafuta kama tiketi, haioni, anafurahi. Wiki chache baadaye ile nyingine inamkuta.

Ikiwa una hakika ni tiketi, sababu inayofuata ni muda. Iliyoandikwa kwa mkono kwenye kitabu lazima mtu aketi aiingize kwenye kompyuta. Kituo cha barabara kuu huenda kikafanya hivyo siku ileile. Kituo cha ndani, chenye afande mmoja wa trafiki na pikipiki isiyo na mafuta, kinaweza kungoja hadi kitabu kipelekwe makao ya polisi ya wilaya. Kipe siku chache. Usiseme "imepotea" siku ya pili. Ila usingoje mpaka siku 28 za kulipa zikakukaribia, kwa sababu siku hizo zinahesabiwa tangu ulipoandikiwa. Mfumo kuchelewa kuiona hakukuongezei siku.

Baada ya muda, namba. Hapa ndipo ninaposhinda nusu ya kesi zangu, na wala si kwa ujuzi: ni kwa kujaribu herufi moja moja. Pleti zetu za zamani zina U, herufi mbili, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho. Mwandiko wa haraka juu ya boneti lenye moto hugeuza O kuwa 0, I kuwa 1, B kuwa 8, na S kuwa 5. Ongeza vumbi la murram la barabara ya Yumbe, lile jekundu linaloganda juu ya pleti mpaka V na Y zinafanana, halafu jiulize afande alisoma nini hasa. Kwa hiyo tafuta kwa namba ya gari kama ilivyo kwenye kadi. Isipoonekana, kama ilivyoandikwa kwenye tiketi hata kama imekosewa. Isipoonekana tena, tafuta kwa namba ya leseni. Mara nyingi tiketi ipo chini ya leseni, gari ndilo lililobatizwa jina jingine.

Usimwambie mtu yeyote kwamba tiketi iliyokosewa herufi imekufa. Nimesikia madereva wakipeana ushauri huo kwenye chai ya asubuhi. Namba yako ya leseni imo, sahihi yako imo, na gari lililobandikwa kosa lako lina mwenyewe huko Soroti au Masaka ambaye siku moja atalalamika.

Magari ya nje ni shughuli nyingine. Sisi tuko karibu na Oraba, malori ya Sudan Kusini na ya Kongo hayaishi, na pleti zao hazifuati mpangilio wetu. Kwa dereva wa gari la nje shika namba ya tiketi tu, wala usihangaike kutafuta kwa pleti.

Yote yakishindikana, nenda kituo kilichoandika tiketi, umuulizie OC wa trafiki, yaani mkuu wa trafiki wa kituo hicho. Omba akutazamie nakala iliyobaki kwenye kitabu. Usiende kituo kilicho karibu na nyumbani kwako. Kama ulisimamishwa Pakwach, kitabu kiko Pakwach. Nenda asubuhi, kabla hawajatoka barabarani, na uvae vizuri. Afande akikukuta umekunja mikono unapiga kelele mlangoni, kitabu kitakuwa kabatini na ufunguo utakuwa na mtu aliyekwenda mazishini.

Umelipa, bado inakudai

Hii ndiyo inayowaumiza watu roho. Juzi mwendesha boda mmoja alikuja na hasira zake zote.

"Katibu, nililipa! Nililipa mbele ya watu!"

"Ulilipa wapi, mwanangu?"

"Pale pale barabarani."

"Kwa nani?"

Akanyamaza. Tukacheka wote wawili, ingawa yeye hakucheka sana.

Tuseme wazi basi. Faini ya EPS hailipwi mkononi mwa askari, wala kwenye namba ya simu ya mtu. Kwa namba ya tiketi unatengeneza PRN kwenye tovuti ya URA, sehemu ya mapato yasiyo ya kodi, chini ya polisi. Halafu unailipia PRN hiyo benki au kwa mobile money. Kama huna PRN, hukulipa faini. Ulichotoa kina jina lake jingine, na mimi sitalitaja. Kukirudisha ni kazi ya kitengo cha polisi cha maadili au ya ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali, na unahitaji tarehe, mahali na shahidi. Tiketi yenyewe bado iko hai, na siku zinakwenda.

Kama PRN unayo, fanya kipimo kimoja kabla ya safari yoyote: ingia tovuti ya URA, itazame hali ya PRN hiyo. Majibu ni matatu, na kila moja lina ofisi yake.

URA inasema imelipwa, EPS inasema haijalipwa. Pesa imefika serikalini, habari ndiyo haijafika polisi. Chapisha ukurasa huo, au upige picha ya skrini inayoonyesha PRN, kiasi na tarehe, upeleke kwa OC wa trafiki pamoja na nakala ya tiketi. Hapa huna haja ya kubishana na benki, wala ya kulipa tena "ili yaishe." Wapo waliolipa mara mbili kwa kuchoka, na kurudishiwa ya pili ni safari ndefu kuliko ile waliyoikimbia.

URA inasema haijalipwa, lakini pesa imekatwa kwenye simu au akaunti. Tatizo liko njiani, kati ya wakala na URA. Rudi kwa kampuni ya simu au benki na namba ya muamala, ile iliyo kwenye ujumbe wao. Usifute ujumbe huo kwa kutafuta nafasi ya video. Wakala wa kibanda hawezi kukusaidia zaidi ya kuthibitisha. Piga simu huduma kwa wateja na uandike jina la aliyekupokea na saa.

URA haiijui PRN kabisa, au inasema muda wake umekwisha. PRN huzeeka, tarehe yake ya mwisho imechapwa juu yake. Iliyozeeka haipokei pesa, tengeneza mpya. Isiyojulikana kabisa, mara nyingi ni tarakimu iliyorukwa wakati wa kunakili. Lakini kama PRN hiyo ulitumiwa na mtu kwa WhatsApp akisema "nitakusaidia kulipa," anza kuwa na wasiwasi juu ya mtu huyo.

Kuna sababu ya nne isiyoonekana kwenye kipimo hiki, nayo ilinichukua muda kuigundua. Mtu ana tiketi mbili, tuseme moja ya Nebbi na moja ya Arua. Analipa PRN moja, anadhani amemaliza, kwa kuwa kiasi kilifanana. Kila tiketi ina PRN yake. Linganisha namba ya tiketi iliyo ndani ya PRN na ile inayokudai, usilinganishe kiasi. Yule wa boda, baada ya kucheka, tulikuta kwamba alikuwa na tiketi tatu.

Tiketi si yako

Tuanze na ile inayowapata wengi: gari uliuza zamani. Mnunuzi alikupa pesa, mkaandikiana makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mkagonga muhuri, mkanywa soda, na kadi ikabaki na jina lako. Kwa serikali wewe bado ni mwenye gari. Tafuta makubaliano hayo, tarehe ndiyo mkombozi wako. Kama tiketi ni ya baada ya mauzo, ipeleke polisi pamoja na maelezo ya mnunuzi ni nani na yuko wapi. Halafu msukume mnunuzi abadilishe umiliki. Bila hivyo utarudi kwangu kila baada ya miezi mitatu.

Pikipiki za mkopo zina kinyume chake. Kadi inakaa na mkopeshaji hadi umalize kulipa, kwa hiyo tiketi inayofuata pikipiki inamfikia yeye kwanza, naye anakuongezea kwenye deni. Dai akuonyeshe namba ya tiketi. Neno "una faini" peke yake si rekodi.

Kisha kuna kamera. Mwezi Juni 2025 faini za kamera, EPS Auto, zilipoanza kutumwa kwa simu, steji nzima ilikuwa kwenye moto. Mwendo wa kuzidisha hadi kilomita 30 kwa saa ulikuwa shilingi 200,000, kuzidisha zaidi ya hapo 600,000, na muda wa kulipa saa 72 tu. Makelele yakawa makubwa nchini, Wizara ya Kazi na Uchukuzi ikausimamisha mpango huo mwezi uleule. Kwa utafutaji wa rekodi, jambo la kushika ni hili: askari wa barabarani humwandika dereva aliye mbele yake, kamera humwandika mwenye gari. Ujumbe wa kamera ukikujia, soma saa na mahali, kisha fungua daftari lako la zamu uone nani alikuwa kwenye usukani. Mwenye magari matatu asiye na daftari la zamu atalipa yeye.

Kama gari halijawahi kufika mahali palipotajwa, pleti imesomwa vibaya au imeigwa. Kusomwa vibaya kunarekebishwa na OC wa trafiki wa kituo kilichoandika. Pleti iliyoigwa ni kosa la jinai: ripoti kituoni kwako upate namba ya SD, maana gari pacha likigonga mtu, namba hiyo ndiyo itakayosema uliripoti mapema.

Na ujumbe wa faini unaokutaka utume pesa kwenye namba ya mtu, futa.

Kiasi kimeongezeka

Siku 28 zimepita, nyongeza imeingia. Mara chache ni kosa la mfumo. Hesabu tarehe kwanza, kisha utengeneze PRN mpya kwa kiasi kipya. Ile ya zamani yenye kiasi pungufu haikufai tena.

Leseni haihuishwi

Umefika kuhuisha leseni, karani anakwambia una faini zinazokungoja. Usibishane naye, yeye anasoma skrini tu. Omba namba za tiketi zote zinazoonekana, ziandike, kaa pembeni upime moja moja kama nilivyoeleza juu. Mara nyingi utakuta moja uliilipa na haikufutwa, moja uliisahau, na moja si yako. Afadhali ufanye upimaji huu wiki mbili kabla ya leseni kwisha kuliko kuufanya ukiwa kwenye foleni, na gari la abiria linakungoja nje.

Hukubali kosa, au jambo limeshafika mahakamani

Tiketi ya EPS ni nafasi unayopewa ya kulipa bila kufikishwa kwa hakimu. Ukilipa, kosa hilo limekwisha. Kwa hiyo usilipe kwanza kisha ukaja kulalamika kwamba hukukosea. Kama unabisha, mwambie OC wa trafiki mapema, ndani ya zile siku 28, kwamba unataka kwenda mahakamani. Pima lakini: kesi ya faini ndogo inaweza kukugharimu safari nne za mahakamani, na shahidi wa upande wa pili amelipwa mshahara kuja kukungoja. Mimi huwashauri wabishe pale tu wanapokuwa na kitu cha kuonyesha, kama picha ya tairi jipya yenye tarehe, risiti ya bima iliyokuwa hai siku hiyo, au abiria aliyekubali kusema.

Yapo makosa yasiyopita njia ya tiketi. Aliyenaswa na kawunyemu, kile kipimo cha pombe cha kupuliza, akiwa amelewa anapelekwa mahakamani, na ajali iliyoua au kujeruhi inafunguliwa TAR na upelelezi wake. Ndugu za dereva hunijia wakitafuta "tiketi" ya mtu aliye mahabusu. Hakuna tiketi. Uliza kituoni namba ya jalada la polisi; jalada likishapelekwa kortini, uliza kwa karani wa mahakama namba ya kesi, kwa jina kamili la mshtakiwa kama lilivyo kwenye karatasi ya mashtaka. Sisi huku tuna majina mengi: jina la dini, la ukoo, la utani. Jaribu kila mpangilio.

Hakimu akitoza faini, risiti yake haiingii EPS. Itunze kando, na usiifunge pamoja na tiketi, maana karani atachanganya.

Ikiwa umekwenda kituo kilekile mara tatu na kila mara unaambiwa kitabu hakipo, acha kwenda mikono mitupu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba rekodi iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi: jina lako, NIN, namba ya tiketi, namba ya gari, tarehe na mahali, na unachoomba, kwa mfano nakala ya ukurasa wa kitabu. Ombi moja kwenye barua moja, bila hadithi ya jinsi ulivyodhalilishwa; hiyo ni barua nyingine. Peleka nakala mbili. Moja waache nayo, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe palepale ukiwa umesimama, kwa sababu siku zako 21 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.